Sauti Ikiegemea Upande Mmoja

Msikilizaji, chukua kwaya iliyorekodiwa ukumbini kwa maikrofoni mbili, moja kushoto na moja kulia, kisha ikafunguliwa kwenye kompyuta ili ichanganywe. Kazi inakaribia kwisha. Fundi mitambo anatoa faili la mwisho, analisikiliza, na kukuta uimbaji wote umeegemea kushoto. Anatazama mita, nayo inamuunga mkono: chaneli ya kushoto inapanda hadi desibeli hasi 3, ya kulia inakomea hasi 9. Hapo mkono hauna subira. Unakwenda wenyewe kwenye kitelezi cha kulia na kukisukuma juu mpaka michirizi miwili ya kijani ilingane. Faili linatolewa upya na kupelekwa kwa wenyewe. Mazungumzo yangu ya leo yanaupinga mkono huo. Nasema kwamba tofauti ya viwango kati ya chaneli mbili ni dalili tu, tena dalili yenye vyanzo vingi visivyotibiwa kwa dawa moja. Anayelinganisha mita mwishoni mwa kazi kabla ya kujua tofauti ilizaliwa wapi huificha kasoro ndani zaidi, na mara nyingine huharibu kitu ambacho hakikuwa na ubovu wowote.

Tuanze na stirio yenyewe, maana lalamiko hili halieleweki mpaka tukumbuke chaneli mbili ziliwekwa kwa kazi gani. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, aliomba hataza mwezi Desemba 1931 kwa ajili ya mfumo wa kurekodi na kusikilizisha sauti kwa njia mbili. Miongoni mwa mawazo yake lilikuwamo hili: maikrofoni mbili zikikaa mahali pamoja, kila moja ikielekea upande wake, mwimbaji aliyesimama kushoto huingia kwa nguvu zaidi kwenye ile ya kushoto, na tofauti hiyo ikitolewa kwenye spika mbili hulipa sikio habari ya mahali aliposimama. Sauti ikiwa sawa pande zote mbili, sikio huiweka katikati, mahali pasipo na spika. Upande mmoja ukizidi kwa desibeli chache, sauti husogea. Ukizidi kwa desibeli 15 hadi 18 hivi, sauti huhamia kabisa kwenye spika moja. Maana yake ni kwamba tofauti ya viwango ndiyo inayobeba habari. Anayeifuta kila anapoiona anafuta nafasi za waimbaji jukwaani, na mwisho wake hubaki na sauti iliyobanana katikati huku akiwa amelipia maikrofoni mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kuna kasoro yoyote. Tuseme ni kikundi cha taarab asilia, fidla zimekaa kushoto, kanuni katikati, dumbaki na rika kulia. Rika ikipigwa, mita ya kulia huruka juu kwa nukta ya sekunde na kushuka. Fidla zinabembea kwa utulivu, mita yake haina papara. Mtu akisoma kilele cha juu peke yake atasema kulia kumezidi kwa desibeli 6, wakati sikio la mtu aliyekaa kati ya spika mbili linasikia pande zilizotulia vizuri. Kinyume chake hutokea pia. Besi kubwa ikiwa upande mmoja, mita ya upande huo hujaa, lakini sikio la binadamu halizipokei sauti nzito kwa wepesi ule linaozipokea sauti za kati. Fletcher na Munson walilionyesha hilo kwa vipimo vyao mwaka 1933, na hakuna aliyewakanusha katika hoja hiyo ya msingi. Hata kipimo cha kimataifa cha ukubwa wa sauti kinachotumiwa na vituo vya utangazaji, kile kiitwacho BS.1770, huchuja kwanza masafa kwa kuiga sikio, kisha hujumlisha nguvu za chaneli na kutoa namba moja ya kipindi kizima. Hakitoi hukumu kati ya kushoto na kulia. Hukumu hiyo imeachiwa fundi, naye hana budi kuitoa kwa kusikiliza dakika kadhaa za wimbo mzima. Kuitoa kwa kutazama mruko mmoja wa mita ni kujidanganya.

Tukishakubaliana kwamba sikio kweli linalalamika, bado hatujafika kwenye faili. Inawezekana faili ni zima na njia ya kusikilizia ndiyo mbovu. Jaribio lake ni rahisi mno, na ndiyo maana linapuuzwa: geuza hedifoni, ya kushoto uivae kulia. Kama uzito wa sauti umehama pamoja na hedifoni, sikio lako halina kosa, na tatizo limo kwenye kifaa au kwenye faili. Kwenye kifaa, huenda pamba ya hedifoni imeziba, waya umechoka pale unapoingia kwenye plagi, au spika ndogo ya ndani imelegea. Kama uzito umebaki kwenye sikio lile lile hata baada ya kugeuza, tazama sikio lenyewe; masikio ya watu wazima hayalingani daima, na sikio lililokesha karibu na spika kubwa jana yake halitoi ushahidi wa kuaminika leo. Kama uzito umekwenda kwenye sikio lingine kwa sababu tu ulibadilisha chaneli ndani ya programu na si hedifoni, hapo ndipo unapokuwa na haki ya kulishuku faili.

Yapo na mambo madogo zaidi ya hayo. Kitufe cha kuzungusha cha kuongeza sauti kwenye amplifaya nyingi huwa na vipande viwili vinavyozunguka pamoja, kimoja cha kila chaneli, na vipande hivyo havifuatani sawasawa sauti inapokuwa chini kabisa. Fundi anayechanganya usiku kwa sauti ya kunong'ona ili asiamshe majirani husikia upande mmoja umefifia, kumbe akiongeza sauti kidogo tofauti inapotea. Kompyuta za Windows na za Apple, na simu pia, zina mpangilio wa kugawa sauti kushoto na kulia. Ukiguswa na mtoto au na sasisho la programu, kila wimbo duniani utaegemea upande mmoja, hata ule uliosifiwa kwa miaka 40. Kwa hiyo cheza kwanza rekodi unayoijua vizuri. Kisha tengeneza ndani ya programu yako mlio mmoja wa hezi 1,000 katika hasi 12, uweke katikati, utoe kama faili la stirio na ulifungue tena. Mita mbili zikisoma sawa, na sikio likasikia katikati, njia yako kutoka kwenye programu hadi kwenye faili ni safi, na msako wote uhamie kwenye traki zenyewe na yale yaliyoingia kupitia maikrofoni. Zikisoma tofauti, kuna kitu ndani ya programu kinachopunguza upande mmoja.

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo, nami naomba subira. Meza ikiyumba, huenda mguu mmoja ni mfupi, huenda kiungo kimelegea, huenda sakafu ndiyo iliyoinama. Karatasi iliyokunjwa chini ya mguu hutuliza meza katika hali zote tatu, na katika hali mbili kati ya hizo huacha ubovu palepale. Chaneli iliyofifia ni hivyo hivyo. Inaweza kuwa imepungukiwa na nguvu tu. Inaweza kuwa imechelewa. Inaweza kuwa imekatwa baadhi ya masafa. Mita haiwezi kuzitofautisha hali hizi, kwa sababu imeumbwa kuonyesha kimo cha wimbi na kingine hapana.

Ya kwanza ni nyepesi. Vitufe viwili vya kuongozea nguvu ya maikrofoni kwenye kadi ya sauti havikuwekwa sawa, au maikrofoni moja ina swichi ya kupunguza desibeli 10 au 20 na swichi hiyo imebonyezwa bila kukusudia. Katika hali hiyo chaneli ya kulia ni ile ile ya kweli, imeshushwa tu. Kuipandisha kwa kiasi ilichoshushwa ni tiba halali. Pamoja nayo utapandisha na mvumo wa maikrofoni na wa saketi zake, lakini kwa rekodi ya biti 24 iliyofanywa kwa uangalifu, desibeli 4 au 5 za mvumo hazitamsumbua mtu. Sharti langu ni moja: pandisha kwenye traki husika, mwanzoni mwa njia, kabla ya kikandamizaji na kabla ya mwangwi wa kutengenezwa. Ukiacha mpaka kwenye chaneli kuu ya mwisho, vifaa hivyo vyote vya kati vitakuwa vimeshafanya kazi juu ya viwango vya makosa. Kikandamizaji kitakuwa kimeubana upande wa kushoto kwa nguvu na kuuachia wa kulia upite, na hakuna kitelezi kitakachorudisha hali hiyo.

Ya pili ndiyo inayowanasa wengi. Tuseme maikrofoni mbili zimetenganishwa, na mwimbaji wa kuongoza amesimama sentimita 60 kutoka ile ya kushoto na mita 1.2 kutoka ile ya kulia. Umbali ukizidi maradufu, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi. Ndiyo tofauti ileile aliyoiona fundi wetu kwenye mita. Lakini sauti hiyo pia imesafiri sentimita 60 zaidi. Katika joto la nyuzi 30, kama la Dar es Salaam au Mombasa mchana, sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo imefika kulia ikiwa imechelewa kama milisekunde 1.7. Ni muda mdogo kwa saa ya ukutani, lakini ni mkubwa kwa kichwa cha mtu, kwani sauti inayotoka ubavuni kabisa hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa kiasi cha milisekunde 0.7 tu. Helmut Haas, katika utafiti wake wa udaktari huko Göttingen mwaka 1949, alionyesha kuwa sikio huipa kipaumbele sauti inayotangulia, na kwamba ile iliyochelewa kwa milisekunde kadhaa huweza kuhitaji kuzidi kwa hadi desibeli 10 hivi kabla haijasikika ina uzito sawa na iliyotangulia. Kwa hiyo fundi akipandisha kulia kwa desibeli 6, mita zitalingana na mwimbaji atabaki kushoto. Atapandisha tena. Sasa mita ya kulia inazidi, mwangwi wa ukumbi upande huo umevimba, na mwimbaji bado hajakaa katikati kwa utulivu.

Hasara haiishii hapo. Faili hilo likichezwa kwenye simu yenye spika moja, chaneli mbili hujumlishwa kuwa moja, yaani mono, na sauti ile ile iliyochelewa kwa milisekunde 1.7 hujigonga na nafsi yake. Kwenye masafa ya karibu hezi 290, kisha 870, kisha 1,450 na kuendelea, wimbi la kushoto huwa juu wakati la kulia liko chini, nayo hufutana. Hezi 290 si pembeni mwa muziki. Humo ndimo zinamopita sauti za waimbaji wa kike. Na hesabu inasema jambo ambalo ningependa kila fundi aliandike ukutani: kabla ya kupandisha, wakati kulia kulikuwa na nusu ya kimo cha kushoto, shimo kwenye hezi 290 lilikuwa na kina cha desibeli 6. Baada ya kulinganisha, mawimbi mawili yana kimo sawa na kinadharia yanafutana kabisa. Mwangwi wa ukumbi utalijaza shimo kidogo, lakini mwelekeo ni huo: kadiri mita zilivyolingana, ndivyo sauti ya mono ilivyozidi kuharibika. Dawa ya kweli ni kutumia maikrofoni ya karibu peke yake pale mwimbaji huyo anapoongoza, na kuiweka sauti yake katikati kwa kitufe cha mwelekeo, au kumwacha aliposimama na kukubali kwamba alisimama kushoto. Na kipindi kingine cha kurekodi kikifika, mpimie kamba: awe na umbali sawa kutoka maikrofoni zote mbili.

Ya tatu nitaipita haraka. Maikrofoni nyingi zina swichi ya kukata sauti nzito, nayo ikifunguliwa upande mmoja tu, besi za kwaya huhamia upande mwingine. Kuongeza nguvu hakurudishi kilichokatwa; kunaongeza ukali wa herufi s na sh kwenye sikio moja. Ndivyo ilivyo pia kwa maikrofoni mbili za aina tofauti zilizounganishwa kwa sababu ndizo zilizokuwapo. Hapo kinachotakiwa ni kusawazisha masafa, kisha ndipo uzungumzie viwango.

Kuna hali moja inayothibitisha, kuliko zote, kuwa mita haitoshi kuwa hakimu, kwa sababu ndani yake mita inasoma usawa kamili na sauti ni mbovu kupita zote nilizotaja. Miksa ya ukumbini ina tundu la kutolea sauti la jeki ya milimita 6.35. Mtu anachukua kebo yenye plagi ya sehemu tatu, ncha, mkanda wa kati na shina, upande wa pili ina plagi ndogo ya milimita 3.5, na kuichomeka kwenye tundu la stirio la kinasa sauti. Plagi zinafanana, zinaingia bila shida. Ila miksa nyingi hutoa mono kwa njia ya mizani: nchani wimbi lilivyo, kwenye mkanda wa kati wimbi lile lile limepinduliwa. Kinasa sauti hakijui hayo. Kinapokea ncha kama kushoto na mkanda kama kulia. Faili linalotoka lina chaneli mbili zenye kimo sawa kabisa, mita zinacheza pamoja kama mapacha, na kwenye hedifoni sauti ya mhubiri inasikika ya ajabu, haina mahali, kama imetandazwa nyuma ya kichwa. Likijumlishwa kuwa mono, mhubiri anatoweka. Saa nzima ya mahubiri inabaki mnong'ono. Mtihani wake ndani ya programu kama Audacity ni wa dakika moja: gawa traki ya stirio kuwa mono mbili, pindua moja, cheza zote mbili katikati. Kama sauti iliyokuwa imepotea imerudi nzima, kebo ndiyo mkosaji, na dawa ni kutupa chaneli moja na kubakiza nyingine. Mtihani huo huo hufanya kazi kwa upande wa pili: ukipindua chaneli moja ya faili la kawaida na kila kitu kikanyamaza, ujue chaneli mbili zilikuwa nakala moja, yaani hukuwa na stirio tangu mwanzo, na kilio cha kuegemea kimetoka kwenye spika zako.

Ndani ya programu yenyewe vyanzo ni vingi lakini vinaonekana ukiwa na utaratibu. Nyamazisha traki zote, fungua moja moja, na utazame ni ipi inayoleta mwinamo. Mara nyingi ni traki ya maikrofoni moja iliyorekodiwa kama stirio, kushoto kuna sauti na kulia kuna ukimya. Hiyo hupaswi kuipandisha upande wa kulia, kwa kuwa hakuna cha kupandisha. Igeuze iwe mono kwa kuchukua chaneli ya kushoto peke yake. Ukiiacha programu ichanganye chaneli zote mbili kwa kuchukua wastani, sauti itashuka desibeli 6, nawe utaanza kutafuta tatizo jipya ulilojitengenezea. Mara nyingine ni kifaa cha mwangwi kinachofanya kazi upande mmoja. Au mradi umehamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine: programu nyingi hupunguza desibeli 3 kwa traki ya mono iliyo katikati, nyingine hupunguza 4.5 au 6, nyingine hazipunguzi kitu, kwa hiyo mchanganyiko uliokuwa umetulia jana unafika leo ukiwa na mwimbaji aliyezama na magitaa ya pembeni yaliyopanda. Na kipo kile kisanduku kidogo katika Audacity, kwenye amri ya kusawazisha kilele, kinachoruhusu kila chaneli ya stirio isawazishwe peke yake. Hakitiwi alama mpaka mtu akitie, na mtu hukitia kwa sababu kinaonekana kama msaada. Kinachofanya ni kutafuta mruko mmoja wa juu kabisa wa kushoto na mruko mmoja wa juu kabisa wa kulia, labda kikohozi huku na kofi kule, na kuipima rekodi nzima kwa miruko hiyo miwili. Kwa rekodi ya maikrofoni mbili ya tukio la moja kwa moja, kiache wazi.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya mwenye nafasi. Studio ya mtaani ina foleni, mteja amekaa kwenye kiti cha plastiki anangoja faili lake, harusi ni kesho, na wewe unamwambia fundi apindue mawimbi. Nalipokea lalamiko hilo, nami sitaki mtu apoteze mteja. Lakini hesabu muda. Kugeuza hedifoni, kucheza wimbo unaoujua, kufungua traki moja moja na kusikiliza kwa mono ni kazi fupi kuliko kutoa faili, kulisikiliza, kurudi, kusukuma kitelezi, kutoa tena, halafu mteja arudi Jumatatu akilalamika kwamba kwenye gari lake mwimbaji hasikiki. Anayeanza na chanzo hufanya kazi mara moja. Na kama kweli hakuna muda kabisa, basi kuliko kulinganisha mita kwa nguvu, toa rekodi kama mono kutoka kwenye maikrofoni bora kati ya mbili. Mono safi ina heshima zake. Kwa mahubiri, mawaidha, hotuba na mahojiano ya mtu mmoja ningesema hata muda ukiwapo fanyeni mono, kwani mdomo mmoja hauhitaji pande mbili.

Wengine watasema hoja nzima haina maana Afrika Mashariki ya leo, ambako wimbo unasikilizwa kwenye simu yenye spika moja, kwenye redio ndogo jikoni au kwenye spika ya bodaboda. Kama hakuna kushoto wala kulia masikioni mwa msikilizaji, kwa nini fundi ahangaike? Ushahidi wenyewe unawajibu. Kasoro mbaya kuliko zote nilizozieleza, kuchelewa na kupinduka kwa wimbi, huuma zaidi palepale penye spika moja. Matangazo ya FM ya stirio, kwa mfumo ulioidhinishwa Marekani mwaka 1961 na kusambaa kwingi duniani, yamejengwa juu ya jumla hiyo: wimbi kuu hubeba kushoto na kulia vikiwa vimejumlishwa, na tofauti yao hubebwa juu zaidi, kwenye kilohezi 38, kwa ajili ya redio zinazoweza kuisoma. Redio ndogo husoma jumla tu. Faili ambalo chaneli zake zinafutana litarushwa na kituo kwa nguvu zote za mnara, na jikoni kutafika ukimya. Msikilizaji wa spika moja ndiye anayedai kazi hii ifanywe vizuri kuliko yule mwenye spika mbili za bei ghali, ambaye walau kila upande utamfikia kivyake.

Na watatokea wapenzi wa muziki watakaonikumbusha Rubber Soul ya The Beatles, iliyotoka Desemba 1965, ambayo katika stirio yake ya awali sauti za waimbaji zimewekwa kwa sehemu kubwa kulia na vyombo kushoto, na dunia ikaipenda hivyo hivyo. Ni kweli, na mfano huo unaniunga mkono katika jambo moja: mwinamo ule ulikuwa uamuzi wa waliochanganya, wakati ambapo wasikilizaji wengi wa Uingereza walikuwa na vifaa vya mono na toleo la mono ndilo lililoshughulikiwa kwa makini zaidi. Walijua kilichoko kila upande na kwa nini. Mnamo 1987, albamu hiyo ilipoandaliwa kwa ajili ya CD, prodyuza wao George Martin aliichanganya upya na kuzisogeza sauti kutoka pembezoni. Aliweza kufanya hivyo miaka zaidi ya 20 baadaye kwa sababu kanda za awali, zenye njia nne zilizotengana, zilikuwa zimetunzwa.

Kwetu ni kawaida fundi kutoa faili moja la mwisho la MP3, kulipeleka kwa WhatsApp, na kufuta mradi ili diski ipate nafasi ya kazi inayofuata. Mwinamo ukigunduliwa mwezi ujao hakuna cha kurudia; kuchelewa na kupinduka vimeshachanganyika na kila kitu kingine. Nawaomba wenye studio, wanaorekodi kwaya, kasida, taarab na mahafali ya madrasa, msifute traki ghafi. Ziwekeni kwenye diski ya pili zikiwa bado WAV, na ndani ya folda muache maandishi mafupi: maikrofoni ipi ilikuwa kushoto, ipi kulia, zilikuwa mbali kiasi gani, na kebo gani ilitumika. Na ninyi mnaolipia kurekodiwa, siku ya kuchukua faili lenu, ombeni na traki hizo.